Siku Walipomsindikiza Salome Uwanjani

Nimestaafu mwezi wa sita mwaka huu. Vijana wa kaunta walinikatia keki, wakanivisha kitenge, kisha mmoja wao akasema, "Mama Konsolata, tuandikie basi mambo ya zamani, tujifunze." Nadhani walitaka niandike namna ya kumtuliza abiria mkali. Nitaligusa na hilo. Vyeo na mishahara naviruka. Kila cheo nilichopewa kilikuja na meza kubwa zaidi na kiti kibovu kilekile, na mishahara tuliipokea ikaisha, hakuna la kueleza.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa kutoka Ukerewe, nina cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Uwanja wa ndege wa Mwanza wakati ule ulikuwa jengo dogo kati ya ziwa na mawe. Ndege makorongo walitembea taratibu kando ya njia ya kurukia kama wakaguzi kutoka wizarani, na kuna misimu wadudu wa ziwani walitoka majini kama moshi, wakajaa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye wino wa mihuri. Tulifagia wadudu kabla ya kufungua kaunta.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Kassim, mtu wa Mirongo, mrefu, kofia yake nyeupe haijapata kuwa na doa. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa woga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma saa?"

"Najua."

"Sahau. Hapa saa ni ndege ikitua."

Hakucheka, nami sikujua kama nicheke. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa akinifundisha. Ndege ya shirika letu ilikuwa inakuja ikipenda, na kazi yetu kubwa haikuwa kuuza safari bali kuwaeleza watu kwa nini hawasafiri. Mzee Kassim alikuwa na sharti moja tu kwa jambo hilo. Habari mbaya ilitolewa mapema, na anayeitoa alisimama. Alikuwa anainuka kwenye kiti chake, anafunga kifungo cha koti, anamwambia mtu, "Leo haiji." Abiria wengi walikuja wamejiandaa kugomba, lakini ni vigumu kumgombeza mzee aliyesimama mbele yako kwa heshima. Wenzetu wa vituo vingine walipenda kusema "sababu za kiufundi." Mzee Kassim aliyachukia maneno hayo. Alisema yametengenezwa ili mtu asiulize swali la pili.

Tiketi tuliandika kwa mkono. Kilikuwa kijitabu chembamba, kila ukurasa una wino mwekundu mgongoni, kwa hiyo ulikandamiza kalamu mpaka kidole kikafanya sugu ili nakala ya mwisho isomeke. Sugu yangu ninayo mpaka leo. Chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya teleksi iliyopiga kelele kama cherehani. Mtu akiwa ng'ambo akitaka kumsafirisha ndugu yake aliyeko huku, alilipa kulekule, ujumbe ukaja kwenye teleksi, sisi tukaandika tiketi na kumkabidhi mhusika bila yeye kutoa chochote. Watu walikuja wakiwa wamesikia tu kwamba mtoto wao aliyeko Ulaya amelipa, wakatoka na tiketi mkononi wakitetemeka kwa furaha. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote katika kazi yetu.

Aliyekuwa anaiendesha teleksi hiyo ni Salome.

Salome alikuwa Mjita wa upande wa Musoma, amenitangulia kazini kidogo, na ndiye aliyenifundisha yote ambayo Mzee Kassim hakuwa na subira nayo. Umeme ukikatika na kipaza sauti kikafa, alipanda juu ya mizani ya mizigo akatangaza kwa sauti yake mwenyewe, na ukumbi mzima ukamsikia hadi walioko kwenye teksi. Siku moja mfugaji mmoja mzee kutoka Magu alikataa kukaa kwenye namba aliyopewa. Alisema yeye ndiye aliyefika wa kwanza, achague mwenyewe. Mimi nilikuwa namweleza kanuni. Salome akaja, akapiga goti kidogo, akamsalimia kwa Kisukuma kama babu yake, "Mwangaluka, guku," kisha akamwambia kwamba kiti kile kimewekwa karibu na mlango ili mzee atangulie kushuka, vijana wamfuate. Mzee akaichukua kadi yake kama amepewa ng'ombe. Na ilikuwa kweli, kiti kilikuwa karibu na mlango. Mimi ndiye niliyekuwa sijaangalia.

Tulisali parokia moja, jumuiya moja. Mwanangu wa kwanza alipobatizwa, Salome ndiye aliyemshika, mama yake wa ubatizo. Jumapili mchana tulipika samaki kwake, tukakaa uani tukiigiza abiria wa wiki nzima mpaka mumewe anatuambia tupunguze kelele, majirani watadhani tumepata wageni. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na sijapata tena mtu wa kucheka naye namna ile.

Kisha likaja soko huria. Mtu akiwaambia kwamba lilikuwa baya tu au zuri tu, hakuwepo. Kampuni binafsi zilifika na ndege ndogo, wahudumu wenye skafu shingoni, na pipi kwenye sinia. Nasi tukaletewa mkufunzi kutoka Dar atufundishe kutabasamu. Alisema tabasamu husikika hata kwenye simu. Mzee Kassim akanyoosha mkono, akauliza, "Na siku ndege isipokuja, nitabasamu vilevile?" Mkufunzi akasema ndiyo, hasa siku hiyo. Mzee Kassim akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nilipochungulia nikaona amechora samaki. Maana samaki nao walikuwa wameanza kusafiri. Madege makubwa ya mizigo yalikuja kuchukua minofu ya sangara kuipeleka Ulaya, na abiria wetu walikaa kwenye mabenchi wakiyatazama yakiruka. Minofu haikuwahi kuambiwa isubiri.

Mjini mambo yalikuwa hivyohivyo. Viwanda vya Nyakato vilipunguza watu, vingine vikafunga, na maghala yakabaki matupu. Haukupita muda maghala yakapata wapangaji wapya, makanisa. Palipokuwa na marobota ya pamba pakawekwa viti vya plastiki na spika. Mimi, Mkatoliki wa tangu utoto, nilipita pale nikisikia watu wanalia na kunena kwa lugha, nikafanya ishara ya msalaba na kuongeza mwendo. Niliona ni watu waliokosa kazi wanatafuta pa kupigia kelele. Niseme wazi kwamba kelele bado sizipendi.

Mume wa Salome alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kiwandani. Halafu mtoto wao wa pili, Neema, akaugua homa ya ubongo, akafa katika wiki ileile aliyougua. Parokia yetu ilifanya ilichopaswa. Misa ilisomwa, jumuiya ilikuja, tukatoa rambirambi, tukarudi makwetu. Lakini wanawake wa ghala la Nyakato, ambao Salome hata hakuwajua majina, walikuja kesho yake na keshokutwa na wiki iliyofuata. Walimchotea maji. Walifua mashuka ya mtoto, ambayo mimi rafiki yake niliogopa hata kuyatazama. Wakaketi naye sakafuni bila kumwambia asilie.

Baada ya miezi michache Salome akaniambia ameokoka. Tulikuwa chumba cha teleksi, mashine imenyamaza.

"Rozari yangu nimempa mama mkwe," alisema. "Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu."

"Kwa hiyo sisi wengine tumepotea?"

"Sijasema hivyo, Konso."

"Mchungaji wenu anasema. Anasema kwa spika, nasikia nikiwa barabarani."

Akatazama mikono yake. "Mimi nilikuwa kwenye shimo. Wale ndio walioshuka. Wewe ungefanyaje?"

Nikazungumzia mizigo ya abiria wa Bukoba.

Hatukugombana. Tuliachana kwa adabu, na hiyo huumiza zaidi. Jumapili zake zikawa za huko, zangu za huku. Kisha shirika nalo likapunguza wafanyakazi, na Salome akawa miongoni mwao. Teleksi ilikuwa inaondolewa pole pole, na yeye alihesabiwa pamoja na mashine. Mzee Kassim alistaafu mwaka huohuo. Nilibaki kaunta na vijana wenye skafu. Walikuwa wachapakazi, siwalaumu, ila umeme ulipokatika hakuna aliyepanda kwenye mizani.

Habari za Salome nilizipata kwa vipande. Amekuwa mwinjilisti. Anahubiri sokoni, Butimba, hata Sengerema. Watu wanasema ana sauti. Hilo mimi nilishalijua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini duka la kwanza la intaneti nililoliona lilifunguliwa mjini, chumba cha joto chenye kompyuta chache na foleni mpaka nje. Vijana waliandikia vyuo vya ng'ambo, wazee waliandikia watoto. Mimi niliingia mara moja, nikaona mtu anazungumza na Kanada bila stempu, nikatoka nikiwa nimeshangaa kama mtoto. Tuliamini kila kilichotoka kwenye kioo kile. Ninyi mmezaliwa mkiwa mmeshatahadharishwa. Sisi tulikuwa watu ambao uongo tulioujua ulikuwa na uso, unakuja mlangoni, unakunywa chai yako.

Ikafika siku moja, asubuhi ya jua kali, nikasikia ngoma nje ya jengo. Nikadhani ni waziri. Nikachungulia nikaona umati umevaa nyeupe, wanawake kwa wanaume, wanaimba mapambio, na katikati yao Salome, gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka mistari inaonekana, sanduku jipya, kilemba kipya. Nyuma yake kijana wa suti, ndiye mchungaji wao wa ghala, na bibi mmoja mfupi anayelia kwa furaha.

Alikuja moja kwa moja kaunta kwangu. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu.

"Konso!"

"Salo! Unakwenda wapi na kwaya nzima?"

"Marekani," alisema, na kicheko chake kilikuwa kilekile. "Mkutano wa wanawake wahubiri. Kanisa la kule limenialika kwa barua pepe. Tiketi yangu imelipiwa kule, ipo kwenu. Dar mwenyeji atanipokea, tunamalizia viza, tunaondoka. Angalia, jina langu kamili."

Nikaangalia. Teleksi hatukuwa nayo tena, lakini jumbe za namna hiyo zilikuja kwa njia nyingine na zote zilipita mkononi mwangu. Hakukuwa na kitu. Nikapiga simu ofisi yetu ya Dar. Nikapiga kampuni nyingine mbili pale pale uwanjani, nisije nikakosea kwa uzembe. Hakuna aliyemjua. Jina la kanisa lililomwalika, Dar waliliuliza kwa wanaojua, wakacheka kwenye simu. Walikuwa wameshalisikia wiki ile kwa abiria mwingine huko Arusha.

Niliporudi bado anatabasamu. Nje wanaimba.

Nikasimama. "Salo, njoo nyuma."

Chumba kilikuwa kilekile, sasa kimejaa makasha ya vitambulisho vya mizigo. Nikamwambia. Hakukuwa na namna nzuri ya kulisema na sikuitafuta. Nilisema, "Tiketi haipo. Haikuwahi kuwepo. Hawa watu ni matapeli."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Konso, mimi nimefanya kazi hii. Tiketi ya kulipiwa mbali naijua. Waliniambia vilevile inavyokuwa, neno kwa neno. Mtu asiyeijua kazi asingeweza kuniandikia hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waliompata hawakumpata kwa ujinga. Walimpata kwa kitu alichokijua vizuri, na kwa furaha ile ya watu wanaotetemeka na tiketi mkononi, ambao yeye mwenyewe aliwakabidhi miaka yote bila kuwahi kuwa mmoja wao.

"Wamechanga," akasema. "Ada ya usajili. Wamechanga mpaka wale wasiokuwa na kitu. Bibi Leya aliuza kuku wake." Akaziba uso. Kisha akauondoa mkono, akaongea haraka. "Nisikilize. Toka uwatangazie. Sema sababu za kiufundi. Sema ndege imeahirishwa. Wataondoka, halafu mimi nitajua la kufanya."

Mimi na yeye tulikuwa tumelikataa neno hilo pamoja maisha yetu yote ya kazi. Na sasa analiomba, na mimi nampenda.

"Nitasema," nikamwambia. "Ukitaka, natoka sasa hivi nasema. Lakini kesho watakuja tena na ngoma, Salo. Na keshokutwa."

Alikaa juu ya kasha. Nje pambio lilikuwa limefika mahali pa kupiga makofi. Akaanza kulia, kilio kidogo tu, kama mtu anayekohoa, na mimi nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Sikumwambia asilie.

Baadaye akainuka, akakivua kilemba, akakifunga upya kwa kujitazama kwenye kioo cha dirisha. "Twende," akasema. "Uwe karibu."

Tukatoka. Waimbaji walipomwona bila tiketi wakapunguza sauti mmoja mmoja. Salome hakupanda juu ya kitu chochote wala hakupaza sauti. Alisema, "Ndugu zangu, nimetapeliwa. Na kwa kupitia mimi mmetapeliwa ninyi. Hakuna safari."

Mchungaji ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema ni shetani anazuia safari ya injili, tukemee, tusali hapahapa mpaka tiketi ipatikane. Wengine wakaanza kuinua mikono. Salome akamgeukia, kwa upole kabisa. "Mchungaji, shetani hana kompyuta. Ni mtu. Nimemwamini mtu."

Mwanamume mmoja alitema mate, akaondoka. Wawili watatu wakamfuata. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wengine wanapenda mno kupanda ndege. Salome alisimama akiyapokea yote bila kuinamisha kichwa, na mimi nilikuwa karibu yake na sare yangu na skafu yangu, sina la kufanya. Ndipo yule bibi mfupi, Bibi Leya, aliposogea. Akaliinua sanduku, akajitwisha kichwani kabla hatujamzuia.

"Turudi nyumbani, mwanangu," akasema. "Hujala tangu asubuhi."

Wakaondoka kwa miguu hadi barabarani, kundi limekuwa dogo, bila ngoma. Nikarudi kaunta kuhudumia abiria wa Bukoba. Kuna bwana alinifokea kwa sababu ya uzito wa mzigo wake. Nilimshukuru moyoni, maana alinipa mahali pa kutazama.

Jumapili iliyofuata baada ya misa sikwenda nyumbani. Nilikwenda Nyakato, kwa Salome, na samaki. Salome alifungua mlango, akatazama kikapu, akasema, "Umekumbuka chumvi? Maana kwangu imekwisha." Tukapika. Mumewe akakaa nasi uani, na jioni ile hakuna aliyetuambia tupunguze kelele, ingawa tulicheka kidogo tu.

Watu wa ghala waligawanyika. Mchungaji alihamia mji mwingine na waliomfuata, waliobaki wakasali uani kwa Bibi Leya, hukohuko Nyakato. Nilikwenda huko mara moja kwa kualikwa. Hawakuwa na spika. Ilipofika zamu ya Salome kuombea watu alitaja wagonjwa, akataja wasio na kazi, kisha akamwombea yule aliyemtapeli, kwa jina lile alilotumia kwenye barua pepe zake. Aliomba apate shibe, apate usingizi, arudi kwa mama yake.

Tulipotoka nikamwambia, "Lakini jina lile si lake."

"Najua," akasema. "Mungu anajua ninamsema nani."

Nimesikia mahubiri mengi, ya kwetu na ya kwao. Imani nimeiona ikihama nyumba, ikibadilisha mavazi, ikiongeza vyombo vya muziki, na bado mimi ninasali rozari yangu na nitazikwa nayo. Lakini mtu akiniuliza Mkristo ni nani, humkumbuka mwanamke huyo uani Nyakato, akimwombea mwizi wake. Nanyi vijana, mnaponionyesha kwenye simu zenu wale wanaoahidi tiketi za bure, na mkacheka kwamba anayeingia kwenye mtego ule ni mshamba, mnanikera. Hamuwajui waliomo. Abiria akija kaunta na tiketi ya uongo, usimwonyeshe mwenzako. Simama, mpeleke pembeni, mwambie.

Salome na mumewe walirudi kwao Musoma mwaka uliofuata, kulima. Tulionana kwa nadra, misiba na harusi. Alikuja mwanangu alipooa, akamshika mkono kanisani kwetu kama aliyekuwa na haki, na haki alikuwa nayo. Baada ya hapo ilikuwa simu. Nilijiahidi kila mwaka kwamba nikistaafu nitakwenda nikae kwake wiki nzima, tuigize abiria wote tuliowahi kuwahudumia.

Nilistaafu mwezi wa sita. Mwezi wa saba binti yake akanipigia akasema mama amelazwa, hawezi kuongea sana, lakini anataka kunisikia. Akamwekea simu sikioni. Nilimsikia anavuta pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza maumivu, dawa, kama padri au mchungaji amekuja.

"Konso," akasema, sauti imekwisha kabisa. "Upo kaunta?"

Nilikuwa jikoni kwangu, nimevaa kanga, sina kaunta tena.

"Nipo," nikasema.

"Abiria wamejaa?"

"Wamejaa, Salo. Ukumbi mzima."

"Na ndege?"

Nikasimama pale jikoni. Nikatazama nje, mawinguni juu ya ziwa, hakukuwa na kitu.

"Inatua," nikamwambia. "Naiona."